Kupima uchovu wa kazi kwa wahudumu wa afya Mombasa: hojaji gani, kwa maneno gani, na namba zisomwe vipi

Muuguzi akitoka naiti saa moja na nusu asubuhi akakwambia "nimechoka", bado hajakwambia kitu. Huenda anataka usingizi tu, na akiamka alasiri yuko sawa. Akikwambia "nimekinai", hapo simama umsikilize. Aliyekinai hata akilala siku mbili mfululizo, akikumbuka geti la hospitali tumbo linamvuruga. Huo ndio uchovu tunaotaka kuupima, na Kiswahili tayari kina neno la kuutenga na uchovu wa kawaida. Hojaji nyingi zinazozungushwa wodini hulitupa neno hilo na kuuliza tu "je, unachoka?", kisha mwenye hojaji akashangaa kila mtu amejibu ndiyo.

Nilifanya kazi wodini miaka kadhaa kabla ya kuhamia kitengo cha ubora wa huduma, na tangu hapo nimegawa hojaji za aina hii kisiwani na ng'ambo ya feri. Nyingine zilifaulu. Moja ilinitia aibu, nitaieleza mbele. Nawaandikia waliopewa kazi hii: ofisa wa ubora, mwanafunzi anayeandika tasnifu, au nesi mkuu anayetaka kujua kwa nini watu wake wanaomba uhamisho kila mwezi.

Jambo moja kabla ya hatua zenyewe. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa ya ICD-11 iliyoanza kutumika Januari 2022, limeuweka uchovu huu kama hali itokanayo na kazi, si kama ugonjwa. Limeueleza kwa dalili tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na kuhisi kwamba kazi yenyewe huifanyi ipasavyo. Kwa hiyo hojaji haimpi mtu ugonjwa. Usimwambie Fulani "umepatikana nayo" kama vile umempima malaria.

Hatua ya 1: Jua unataka kuamua nini

Andika sentensi moja: "Tukishapata majibu, tutaamua ___." Ukishindwa kujaza hapo, usipoteze karatasi za watu. Unataka kulinganisha leba na kasualti? Unataka kujua kama kubadilisha ratiba ya naiti kumesaidia? Au unataka tu picha ya kituo kizima ili upeleke ombi la kuongezewa wafanyakazi? Kila moja ina namna yake. La pili, kwa mfano, linataka upime mara mbili, kabla na baada, na hivyo lazima uweze kuoanisha karatasi za mtu yuleyule bila kumjua jina.

Tazama pia kalenda. Usipime wiki ambayo mshahara umechelewa, wala siku chache baada ya mgomo kuisha. Mwaka 2017 wauguzi wa kaunti walikaa nje ya kazi miezi mitano, na mwaka 2024 madaktari waligoma tangu katikati ya Machi hadi mapema Mei. Ukipima wiki watu wanaporudi, utapima hasira ya mgomo, na hasira hiyo ni ya haki lakini si ulichokiendea. Ramadhani nayo: hapa kwetu zaidi ya nusu ya wodi yaweza kuwa imefunga, usingizi umebadilika, watu wanabadilishana shifti ili waftari nyumbani. Na kwa kuwa mwezi huo hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, ukisema tu "tutapima tena Machi ijayo" waweza kulinganisha mfungo na siku za kawaida bila kujua.

Hatua ya 2: Chagua hojaji moja, usitunge yako

Najua kishawishi. Mtu anakaa na kompyuta jioni moja, anaandika maswali kumi, anaona yanatosha. Maswali hayo hayajapimwa popote, na huwezi kuyalinganisha na ya mtu yeyote. Chukua iliyokwisha kupita mikono ya wengi.

Inayojulikana zaidi ni ya Christina Maslach na Susan Jackson, iliyochapishwa 1981, ambayo wengi huiita MBI. Ina maswali 22: tisa ya uchovu wa moyo, matano ya kumwona mgonjwa kama kitu badala ya mtu, na manane ya kuhisi kwamba kazi yako ina tija. Mtu hujibu kwa kueleza ni mara ngapi jambo humpata, kuanzia 0, yaani halijampata, hadi 6, kila siku. Ni hojaji nzuri, lakini inalipiwa kwa kila nakala, na kuipiga chapa bila leseni ni wizi hata kama wenzako wote wamefanya hivyo. Kwa kituo kisicho na bajeti ya utafiti mimi siipendekezi.

Kwa vituo vyetu chaguo langu la kwanza ni ile ya Copenhagen, CBI, iliyoandaliwa Denmark na Tage Kristensen na wenzake na kuchapishwa 2005. Ni ya bure. Ina maswali 19 katika mafungu matatu: sita ya uchovu wa mtu kwa jumla, saba ya uchovu unaotokana na kazi, na sita ya uchovu unaotokana na wagonjwa. Mgawanyo huo ndio ulionivutia. Mama mwenye mtoto mchanga nyumbani na anayevuka feri ya Likoni asubuhi na jioni atapata alama kubwa kwenye fungu la kwanza, na fungu la pili litakuonyesha kama kazi nayo inahusika au ni maisha.

Zipo pia ya Oldenburg yenye maswali 16, nusu yameandikwa kwa upande mzuri na nusu kwa upande mbaya, na ile mpya ya Wilmar Schaufeli na wenzake inayoitwa BAT, yenye maswali 23 na toleo fupi la 12. Zote mbili hazilipishwi kwa utafiti usio wa biashara. Ya Oldenburg niliijaribu nikaona watu wetu wanakwaruzwa na maswali yanayopinduka pinduka. Mtu ametoka shifti ya saa kumi na mbili, unamuuliza jambo kwa kukanusha, naye inambidi akubali kwa kukataa. Hapana.

Hatua ya 3: Maneno, na hapa usiharakishe

Wengi watakwambia wahudumu wa afya wamesoma, wape Kiingereza. Madaktari na wauguzi, sawa, wataweza. Lakini mtu wa usafi anayefuta damu leba, mpishi, mlinzi wa kasualti, mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka nyumba za Kisauni na Jomvu, hao nao ni wahudumu na wanachoka. Tena hata daktari, mambo ya moyo huyasema kwa Kiswahili. Weka matoleo mawili, kila mtu achague, na kwenye kila karatasi kuwe na alama ya lugha aliyotumia. Matoleo hayo ni vyombo viwili, na mwishoni utataka kuangalia kama yanapima sawasawa.

Tafsiri iende hivi. Watu wawili watafsiri kila mmoja peke yake, mmoja wa afya na mmoja asiye wa afya kabisa. Mwalimu wa Kiswahili ni bora. Wakae na mtu wa tatu wapatanishe. Kisha mtu wa nne, ambaye hajaiona hojaji ya asili, airudishe kwenye Kiingereza. Linganisha ya asili na iliyorudi. Panapotofautiana pana shimo.

Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe inaanza: keti na watu wanane hadi kumi, mmoja mmoja, usome swali kwa sauti na umuulize, "Hapa umeelewa nini? Ulipojibu ulikuwa unafikiria nini?" Nilikaa hivyo na mkunga wa miaka mingi kwenye benchi nyuma ya leba, chai ya rangi katikati yetu na mahamri kwenye karatasi ya gazeti. Nikasoma: "Je, kazi yako inakuchosha kihisia?"

Akacheka. "Kihisia ndo nini tena, mwanangu? Niulize kama moyo umechoka."

"Haya. Moyo umechoka, mama?"

Akamega hamri, akalichovya. "Mwili bado wenda. Moyo ndio uliotangulia kuketi."

Swali likabadilika siku ile ile: "Je, kazi yako inakuchosha moyo?" Watu tisa waliofuata hakuna aliyeuliza maana yake.

Mitego mingine niliyokumbana nayo, uikwepe. "Roho ngumu" ni mtego mkubwa. Ukitaka kuuliza kama mtu amekuwa mkavu kwa wagonjwa ukaandika "umekuwa na roho ngumu", Mombasa utasikia, "Ee, lazima, ukiwa na roho nyepesi kasualti hukai." Kwao umewasifu uvumilivu. Andika "hujali tena yanayompata mgonjwa". "Mara kwa mara" nayo iondoe kabisa kwenye majibu: kuna anayeisoma kama "kila wakati" na kuna anayeisoma kama "mara moja moja", na karatasi haikwambii nani ni nani. Na "kamwe" ikikaa peke yake kwenye kisanduku bila kitenzi cha kukanusha huning'inia. Nilichobaki nacho ni: kila wakati, mara nyingi, wakati mwingine, mara chache, sijawahi au karibu sijawahi. Kwa maswali yanayouliza kiasi: kikubwa sana, kikubwa, cha wastani, kidogo, kidogo sana.

Neno "wagonjwa" lilitupa mjadala mrefu. Karibu kila niliyeketi naye alisema tatizo si mgonjwa, ni watu wa mgonjwa, wale wanaokuja kumi kwa mmoja na kila mmoja anataka kuelezwa upya. Hojaji ya asili inaruhusu kubadilisha neno linalotaja anayehudumiwa ili lifae mahali. Tuliacha "wagonjwa" kwenye maswali, lakini kwenye maelezo ya juu ya fungu tukaandika kwamba ni pamoja na jamaa waliokuja nao. Ukifanya hivyo liseme kwenye ripoti yako. Na anayefanya kazi ofisi ya rekodi ambaye haoni mgonjwa hata mmoja, fungu hilo asilijaze.

Mwisho, ijaribu kwa watu 20 au 30 wa kituo ambacho hakimo kwenye utafiti wako. CBI humalizwa kwa dakika tano hadi kumi. Ikichukua ishirini, kuna swali linalowakwaza, litafute.

Hatua ya 4: Ruhusa na siri

Kama majibu ni ya kuboresha kituo tu na hayatoki nje, ruhusa ya msimamizi wa hospitali na idara ya afya ya kaunti mara nyingi hutosha. Kama utachapisha au ni tasnifu, unahitaji kibali cha kamati ya maadili iliyoidhinishwa na leseni ya NACOSTI, yaani Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi. Anza mapema. Huwezi kuomba kibali cha kukusanya ulichokwisha kukusanya.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti. Lakini hata pasingekuwa na sheria, fikiri hivi: wodi ina watu tisa. Karatasi inauliza umri, jinsia, kada na miaka kazini. Mwanamume mmoja tu, klinikal ofisa, miaka 52. Hata usipoandika jina lake, umeshaliandika. Kwa hiyo punguza. Umri uwe kwa makundi mapana, kada ziwe tatu au nne, na usitoe matokeo ya kundi lenye watu chini ya kumi. Uliza vitu vyenye kazi tu: idadi ya naiti mwezi uliopita, na kama anafanya lokamu kwingine, yaani vibarua vya zamu katika kituo kingine. Hilo la lokamu watalijibu kwa ukweli pale tu wanapoamini karatasi haifiki kwa mwajiri.

Ukipima mara mbili utahitaji msimbo wa siri ambao mtu anautunga mwenyewe. Vitabu vingi hupendekeza herufi mbili za mwanzo za jina la mama. Vitabu hivyo havikuandikwa Mombasa. Hapa ni Mwanaisha, Mwanajuma, Mwanasiti, Mwanakombo, na utabaki na rundo la "MW". Tumia tarakimu mbili za mwisho za simu ya mama au ya mtu wa karibu, pamoja na siku ya mwezi aliyozaliwa.

Na usichomeke kwenye hojaji hii maswali ya sonona, hasa lile la kujidhuru, kwa kuwa tu umeona fomu ya PHQ-9 inaingia vizuri ukurasa wa nyuma. Mtu akijibu kwamba anafikiria kujidhuru kila siku, na karatasi haina jina, utamfikiaje? Badala yake mpe kila mtu kijikaratasi cha kubaki nacho kinachoeleza pa kupata msaada: mshauri nasaha wa kituo, au kitengo cha afya ya akili cha Port Reitz kule Changamwe.

Hatua ya 5: Kugawa na kukusanya

Sasa ile aibu. Katika hospitali moja ya huku Pwani nilimwachia nesi mkuu wa wodi karatasi 40 na bahasha ya kaki, nikamwambia nitarudi Ijumaa. Nilirudi nikapata 40, zote zimejaa. Nikafurahi kama mjinga. Usiku nilipokaa kuziingiza kwenye kompyuta nikaona kumi na moja zimejazwa kwa wino wa kijani, mwandiko mmoja, na zote zimetikiwa "mara chache" kutoka juu hadi chini kama mtu anayehesabu ngazi. Alikuwa amesikia lazima zirudi 40, akanisaidia. Nyingine, baadaye, watu waliniambia kwamba walijaza zikiwa mezani kwake. Nilitupa zote, na kosa halikuwa lake.

Tangu siku hiyo napeleka mwenyewe. Naongea dakika tatu wakati wa kukabidhiana zamu asubuhi na tena jioni, kwa sababu wa naiti wasipoisikia kutoka kwangu wataisikia kwa uvumi. Kila karatasi ina bahasha yake ya kujifunga. Sanduku lina kufuli, liko penye njia ya chumba cha chai na si ofisini kwa mkubwa, na ufunguo ni wangu. Nasema wazi kwamba kurudisha karatasi tupu ni halali. Usimlazimishe mtu anayetoka naiti aijaze pale pale. Aende nayo nyumbani.

Fomu ya simu ni rahisi na haina kazi ya kunakili, lakini bando si la bure, na fomu nyingi za intaneti hukusanya anwani ya barua pepe usipozima mpangilio huo. Tena kiungo kikiwekwa kwenye kundi la WhatsApp ambalo msimamizi yumo, watu hukaa wanatazamana ni nani ataonekana amefungua. Mimi hutumia karatasi.

Kama kituo kina watu chini ya 150, wape wote, usihangaike na sampuli. Andika ulizogawa na zilizorudi. Ukigawa 48 zikarudi 39, hiyo ni asilimia 81, si haba. Zikirudi 17, wale 31 walionyamaza huenda ndio waliokinai zaidi, au huenda wako likizo, na hakuna hesabu ya kukutoa hapo.

Hatua ya 6: Hesabu za mtu mmoja

CBI hupewa alama 100, 75, 50, 25 na 0, kutoka jibu zito hadi jepesi. Alama ya fungu ni wastani wa maswali yake. Fungu la kazi lina swali moja linalokwenda kinyume na mengine: lile linalouliza kama mtu hubaki na nguvu za kukaa na familia na marafiki. Hapo "kila wakati" ni habari njema, kwa hiyo alama zake zinageuzwa.

Chukua mhudumu wa mfano. Maswali sita ya kwanza ya fungu la kazi kapata 75, 75, 50, 100, 50, 75. La saba kajibu "mara chache", ambayo ingekuwa 25, lakini ukigeuza ni 75. Jumla 500, gawanya kwa 7, ni 71.4. Ukisahau kugeuza utapata 450 gawanya kwa 7, yaani 64.3. Umempunguzia pointi saba kwa uzembe wako, na umewapunguzia hivyo hivyo wote walio katika hali mbaya, huku waliopumzika ukiwaongezea.

Aliyeruka swali moja au mawili, chukua wastani wa aliyojibu. Aliyejibu chini ya nusu ya fungu, fungu hilo usimhesabie.

Hatua ya 7: Je, hojaji inaaminika?

Hapa ndipo watu hunakili "alfa 0.87" kutoka makala ya nchi nyingine na kuendelea. Alfa si mali ya hojaji, ni mali ya majibu uliyoyapata wewe. Ipige upya kwa watu wako, Kiswahili peke yake na Kiingereza peke yake.

Alfa ya Cronbach inauliza: maswali ya fungu moja yanavuta upande mmoja? Kwenye programu ya jedwali tafuta mtawanyiko wa kila swali, yaani kile Kiingereza huita "variance", ujumlishe. Kisha tafuta mtawanyiko wa jumla za watu. Tuseme fungu la maswali 7, mitawanyiko ya maswali ikijumlishwa ni 4,200 na mtawanyiko wa jumla ni 15,000. Gawanya, 0.28. Toa kwenye 1, 0.72. Zidisha kwa 7 gawanya kwa 6: 0.84. Kwa kazi ya kulinganisha makundi, 0.70 na kuendelea huhesabiwa kuwa inafaa. Ikiwa chini, kabla hujalaumu tafsiri angalia kama umegeuza lile swali la familia. Mara nyingi ni hilo. Na ikipita 0.95 usishangilie pia; maswali yanarudiana, au watu wametiki mstari mmoja hadi chini kama yule wa wino wa kijani.

Kipimo cha pili ni cha muda. Watu 30 au zaidi wajaze tena baada ya wiki mbili, uoanishe kwa misimbo yao. Kama hakuna kilichobadilika wodini, alama zisipishane sana. Wiki mbili kwa sababu siku mbili bado wanakumbuka walichojibu, na miezi mitatu maisha yamebadilika kweli.

Kuaminika si uhalali. Mizani ya sokoni Kongowea ikizidisha gramu 200 kila mara inaaminika sana, na inakuibia kila mara. Kujua kama unapima uchovu wa kazi na si kitu kingine, tazama kama alama zinapanda pale ambapo ungetarajia zipande: kwa wenye naiti nyingi, kwa wanaosema wanafikiria kuacha kazi. Kama hazipandi popote, rudi hatua ya 3.

Hatua ya 8: Kuzisoma na kuzirudisha

Swali la kwanza la kila mkubwa ni "asilimia ngapi wanayo?" Usikubali kusukumwa. Mwaka 2018 jarida la JAMA lilichapisha mapitio ya tafiti 182 kuhusu madaktari kutoka nchi 45. Waandishi walikuta watafiti wametumia fasili zisizopungua 142 za kuamua nani ana uchovu huu, na matokeo yalianzia 0 hadi asilimia 80.5. Mstari ukiusogeza, asilimia inasogea. Kwa MBI, mipaka ya zamani ya "juu, kati, chini" iliondolewa kwenye toleo la nne la mwongozo wake, 2016, ingawa hadi leo wanafunzi wanaiandika. Kwa CBI wengi hutumia 50 kama mstari. Utumie ukitaka, lakini wastani uje kwanza, pamoja na mchepuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi alama za watu zinavyotawanyika kuuzunguka wastani huo.

Na usigombanishe wodi kwa pointi tano. Kundi la watu 12, mchepuko sanifu ukiwa 20, wastani wake una shaka ya pointi kama 11 hadi 13 juu na chini. Leba 58 na kasualti 53, kwa idadi hiyo, ni kitu kimoja.

Kinachosaidia zaidi ni kutazama fungu na fungu, na swali na swali. Fungu la kazi likiwa juu na la wagonjwa likiwa chini, watu bado wanapenda kuhudumia. Kinachowachosha ni ratiba, glovu kukosekana, mshahara, mkubwa anayefokea mtu mbele ya mgonjwa. Hapo semina ya kujituliza haitasaidia kitu. Ratiba yaweza kubadilishwa mwezi ujao.

Matokeo warudishie waliojaza kabla hayajafika kwa wakubwa, hata kama ni siku moja kabla. Mimi hubandika ukurasa mmoja chumba cha chai: wangapi walijibu, wastani wa mafungu matatu, maswali mawili yaliyopata alama kubwa zaidi, na kitu kimoja ambacho uongozi umekubali kubadilisha, pamoja na tarehe. Kama hawajakubali chochote, andika hivyo. Karatasi za asili zifungie kabatini, na uandike tangu mwanzo siku zitakayochanwa.

Yule mkunga wa mahamri alisoma ukurasa huo akiwa amesimama, miwani mkononi. Akaweka kidole kwenye swali la moyo, lililokuwa la kwanza kwa alama. "Hili ni langu," akamwambia mwenzake. Kisha akanigeukia, akauliza mnarudi lini. Nilimwambia baada ya miezi sita, ratiba mpya ya naiti ikishakaa, na mfungo usiwe umeingia.